Zambarau Iliyompeleka Mjomba Punia

Juzi mjukuu wangu alinipa kalamu ya zambarau nimwandikie majina ya wageni wa harusi yake. Mwandiko wangu bado mzuri, ndiyo maana alinichagua. Nikaandika jina la kwanza, kisha mkono ukagoma. Nikamwambia alete kalamu nyeusi. Akauliza kwa nini, nikasema macho yangu hayaioni vizuri rangi ile. Nilimdanganya. Hakuna rangi ninayoiona vizuri kuliko hiyo. Najua zambarau ya chupa na zambarau ya unga, najua ile inayoelekea buluu ikikauka na ile inayotoa ukingo wa waridi ikiguswa na maji. Nilijifunza hayo nikiwa na miaka tisa hivi, pale Kindu, wakati wa Wabelgiji, kwa sababu nilitaka kujua kama baba yangu alikuwa mtu mbaya.

Baba alikuwa karani katika ofisi ya teritware, yaani ofisi ya serikali ya wilaya. Kazi yake hasa ilikuwa kutafsiri. Watu wa Kailo, wa Lokandu na wa mjini kwetu waliandika malalamiko yao kwa Kiswahili, na yeye aliyageuza kuwa Kifaransa ili mzungu wa teritware ayasome. Nyumbani alikuwa na meza ndogo karibu na dirisha, na juu yake chupa ya wino ambao sisi tuliuita violeti. Makarani wengi waliandikia violeti siku zile. Mimi nilipenda kuitazama kalamu yake ikinywa wino, kisha baba akiifuta ncha yake kwa kitambaa kilichojaa madoa ya miaka mingi. Vidole vyake viwili, cha kwanza na cha pili, vilikuwa na rangi ile daima, na alipokuja kula alivisugua kwa limau.

Mjomba Amisi, kaka mkubwa wa mama, alikaa ng'ambo ya mto, Alunguli. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti nzito, anayesoma Kurani vizuri kuliko watu wote wa upande wake, na kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri wanaume walikusanyika kwake kwa kisomo. Tangu babu afariki, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wa mama. Mdogo wao wa mwisho, mama mdogo Mariamu, aliishi nasi. Alikuwa msichana wa miaka kama kumi na minne, mwenye kicheko cha ghafla, na alinisuka nywele kila Ijumaa.

Msimu ule wa mvua Mariamu aliacha kucheka. Mjomba alikuwa amemposesha kwa rafiki yake wa Lokandu, mzee mwenye wake watatu na ndevu nyeupe. Mama alivuka mto mara tatu kumwomba kaka yake aliache jambo lile. Mara ya tatu nilikwenda naye. Nilikaa uani na watoto, lakini nilimsikia mjomba akisema kwamba neno lake limekwisha kutoka, na kwamba mwanamke hafundishi wanaume. Katika mtumbwi wa kurudi mama alitia mkono mmoja majini njia nzima, kama mtu anayeosha kitu kisichotoka.

Haikupita wiki mbili, askari wakavuka kwenda Alunguli na kumchukua mjomba. Tulikwenda mbio mpaka kwenye lori lililokuwa likimsubiri upande wetu, mbele ya teritware, walikokwisha kumhoji. Alikuwa amefungwa mikono, kanzu yake ina matope magotini. Askari mmoja, ambaye mama yake alikuwa jirani yetu, aliwaambia watu kwamba barua imefika teritware. Barua hiyo ilisema Amisi anakusanya wageni kwake kila Alhamisi, kwamba kile si kisomo bali ni mikutano ya kuitukana serikali. Haikuwa na jina la mwandishi. Iliandikwa kwa violeti.

Mjomba akamtafuta baba kwa macho katikati ya watu, akamwona.

"Karani," alisema, wala hakupaza sauti. "Wino yako ninaijua."

Lori likaondoka na mjomba, likaelekea njia ya Punia, porini kaskazini, alikohamishiwa kwa miaka ambayo hakuna aliyetuambia idadi yake.

Tangu siku ile nyumba yetu ikawa nyumba nyingine. Ndugu za mama walikuja, wakakaa barazani, wakakataa chai. Walitaka baba aseme kama barua ile imepita mikononi mwake. Akakubali kwamba ndiyo, yeye ndiye aliyeitafsiri, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Wakamwuliza kama anamjua mwandishi. Akasema kazi ya ofisi hubaki ofisini. Jibu hilo lilikuwa baya kuliko kukana, hata mimi nililiona. Mama alilia mbele yao, akasema hajui ameolewa na mtu gani, akachukua mkeka wake na kuhamia chumba chetu, pamoja na mdogo wangu Saidi aliyekuwa bado ananyonya. Baba akawa anakula peke yake. Sokoni wanawake walinyamaza tulipopita. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliacha kuitikia salamu ya baba kwa kirefu. Alimrudishia nusu yake tu.

Mimi nilianza kumchunguza baba. Kila alichofanya sasa kilikuwa na sura mbili. Akiifuta kalamu, niliona mtu anayeficha kitu. Akisugua vidole kwa limau, nilihesabu amesugua mara ngapi. Siku moja alipokuwa kazini nilifungua sanduku lake la bati, lile la karatasi, na ndani ya kitabu cha Kifaransa nikakuta bahasha tupu. Juu yake kulikuwa na maneno mawili tu, "Bwana Teritware", kwa violeti. Nilijua hapohapo ni bahasha gani. Kwa akili yangu ya utoto, mtu anayetunza bahasha ni mtu aliyeiandika.

Lakini moyo haukutaka. Nilimpenda baba. Nikakumbuka kwamba si yeye peke yake mwenye violeti. Jirani yetu, Karani Gabrieli wa stesheni ya gari moshi, alikuwa nayo. Duka la karibu na bandari liliuza chupa za violeti kwa yeyote. Ikiwa wino wa bahasha ni wa chupa nyingine, baba yangu hana kosa. Nikaamua kuzifananisha.

Nilichukua karatasi moja safi. Kwanza nikatia tone la wino wa baba. Kisha nikaenda kwa Karani Gabrieli, nikamwambia mkewe kwamba ninataka kujifunza kuandika jina langu. Yule mama alicheka, akanichovyea kalamu ya mumewe, nami nikaandika jina langu chini ya doa la kwanza. Dukani ilikuwa vigumu zaidi. Mwenye duka alikuwa na daftari lake mezani, na nilimwomba kwa heshima anionyeshe namna violeti yake inavyoandika kwa kuwa baba yangu anataka kununua. Akanitazama sana. Huenda na yeye alikuwa amesikia habari za barua, na kila mtu mwenye wino sasa alimwogopa anayeuliza habari za wino. Mwishowe akachora mstari mmoja kwenye karatasi yangu, akaniambia niende.

Nikajificha nyuma ya jiko na kikombe cha maji. Nikaweka bahasha kando ya karatasi yangu, kwenye jua. Ndipo nikagundua kwamba wino una tabia, kama watu. Wa Karani Gabrieli ulikuwa wa unga unaokorogwa na maji. Ulikauka ukawa hafifu, wenye rangi ya majivu na buluu. Wa dukani ulikuwa mzito, ukakaa juu ya karatasi kama hautaki kuingia. Wa baba ulikuwa katikati, na nilipoudondoshea maji ulikimbia ukaacha ukingo wa waridi kuzunguka doa. Herufi za bahasha hazikufanana na hata mmoja. Zilipopigwa na jua ziling'aa kijani kidogo, kama mgongo wa nzi, na karatasi ilikuwa imejikunja pale mkono ulipokaza, kwa sababu kilichoandikiwa kilikuwa chepesi kama pombe. Nikalowesha kidole cha kwanza kwa mate, nikasugua herufi ya mwisho. Kidole kikashika zambarau kali, ya kupendeza kabisa.

Nilifurahi mpaka nikataka kuimba. Haukuwa wino wa baba. Nikairudisha bahasha kitabuni na kunawa mkono, na hapo furaha ikaisha, maana rangi haikutoka. Nikatumia sabuni, limau, mchanga, majivu. Wino wa baba hutoka kwa limau siku moja au mbili. Huu ulikaa kidoleni kama umezaliwa nacho.

Mama ndiye aliyekiona kwanza, nilipompa Saidi amnyonyeshe. Alikikamata kidole changu, akakitazama, na nilitegemea ataniuliza nimechezea nini. Hakuuliza. Alikiachia haraka kama kimemchoma, akageuza uso. Jambo lile likanitia wasiwasi mkubwa kuliko kofi. Mama yangu alikuwa mtu wa kuuliza. Angeuliza hata kwa nini vumbi la mguu wa kushoto limezidi la kulia.

Siku zilizofuata nikaona kitu kingine. Saidi alikuwa na utando mweupe mdomoni, ule unaowapata watoto wachanga, na mwezi uliopita mama alikuwa amepewa dawa yake kwenye disipanseri. Ilikuwa chupa ndogo ya kahawia. Mama alizungushia pamba kwenye njiti, akachovya, akampaka mtoto, na Saidi akabaki na midomo ya zambarau kama aliyekula matunda ya porini. Tulimcheka. Sasa utando ulikuwa umerudi, mtoto analia akinyonya, na mama hampaki. Nikamkumbusha dawa. Akasema imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Niliipata kwenye pipa la mpunga, imefungwa kwenye kitambaa, nusu bado ipo. Nilichovya njiti, nikaandika juu ya karatasi yangu, chini ya wino zote tatu, herufi moja tu. Nikasubiri ikauke. Nikaigeuza juani, nayo ikang'aa kijani.

Sikujua niwaze nini. Mama hakujua kuandika. Hilo nilikuwa na hakika nalo kama ninavyojua jina langu. Nikafikiri mtu ameingia nyumbani akaiba dawa. Nikamfikiria Mariamu, lakini naye hakujua kusoma. Nikarudi kwa baba: labda alichukua dawa makusudi ili wino wake usijulikane. Wazo lile lilikuwa na akili sana kwa mtoto, na lilinitesa. Kila nilipokuwa nimemwosha baba, alichafuka tena. Na mama, aliyemlilia kaka yake mbele ya watu wote, kwa nini aifiche chupa?

Jumapili moja baba alikuwa peke yake mezani, mama na Mariamu wamekwenda mtoni kufua, wameniachia Saidi. Nikamwekea karatasi mbele yake. Nilikuwa nimekusudia kusema maneno mengi, yakapotea yote. Nikaonyesha kwa kidole kile kilichokuwa bado na rangi: huu wako, huu wa Karani Gabrieli, huu wa dukani. Huu wa chupa ya Saidi. Na bahasha iko ndani ya kitabu chako.

Baba aliichukua karatasi. Akaigeuza juani kama nilivyofanya mimi. Niliona kwamba hakuwahi kuwaza kuifananisha. Hakuhitaji.

"Nani mwingine ameiona hii?" aliuliza.

Nikasema hakuna.

"Ni wewe uliandika, baba?"

"Hapana."

"Basi ni nani?"

Akanivuta karibu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ingawa hapakuwa na watu.

"Ule mwandiko, mimi njo nilimufundisha. Mbele ujazaliwa. Mwaka wetu wa kwanza, pa hii meza. Alikuwa na haya, akasema nisimwambie muntu, ndugu zake hawapendi. Siku mzungu alifungua barua mbele yangu na kunipa nitafsiri, nilimujua toka neno la kwanza."

Nilielewa polepole, kama mtu anayeamshwa. Nikamwuliza kwa nini hakuiharibu barua. Akasema mzungu alikuwa amekwisha kuiona, na angepunguza hata neno moja, angepewa karani mwingine aisome upya, na huyo mwingine angeweza kuuliza mwandiko ni wa nani. Bahasha aliitoa kwenye takataka za ofisi kwa sababu hiyohiyo. Mama alikuwa amefikiri watamshika kaka yake siku chache, siku za harusi zipite. Hakujua maneno kama yale yanapeleka mtu mbali namna ile.

"Na watu wanasema ni wewe," nikasema.

"Waseme. Wakijua ni mama yako, ukoo wake utamukataa. Watamuchukua pa nyumba hii, na nyinyi mutabaki bila mama. Mimi watanichukia tu. Kuchukiwa naweza."

Akaichukua karatasi yangu, akaichana vipande vidogo, akavitia kwenye jiko. Bahasha nayo ikafuata. Kisha akaniambia nimletee ile chupa ya kahawia, akamwita Saidi kwa jina ingawa mtoto hawezi kuitika, akampaka dawa mdomoni yeye mwenyewe. Mama aliporudi akamkuta mtoto ana midomo ya zambarau mikononi mwa baba. Alisimama mlangoni na beseni la nguo kichwani. Wakatazamana. Jioni ile mama alirudisha mkeka wake chumbani kwao.

Mzee wa Lokandu alisubiri miezi kadhaa, kisha akachoka kwa kuwa hakuna wa kumwozesha, akaoa kwingine. Mariamu alilia nyuma ya nyumba siku habari ilipofika. Mimi nikadhani anasikitika, nikaenda kumbembeleza, nikamkuta amejiziba mdomo kwa kanga, anacheka machozi yakimtoka. Baadaye aliolewa Kailo na mwanamume aliyemtaka.

Mjomba alirudi mimi nikiwa tayari mwanamwali. Alikuwa amekonda, jicho moja limefunga utando, na anakohoa. Baba alikwenda kumpokea lori lilipofika, akanyoosha mkono. Mjomba akaupita mkono ule kama upepo tu, akamkumbatia mama. Niliuona uso wa mama juu ya bega la kaka yake, nikajua hataweza kuvumilia.

Kesho yake akaniambia tuvuke. Mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka, wanawe wamemzunguka. Mama akaomba waondoke, nikabaki mimi. Alipiga magoti, akamwambia yote, tangu Mariamu mpaka chupa ya dawa. Hakulia. Alisema, "Ni mimi, kaka. Bwana yangu hana neno."

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kweli, na ndiyo iliyonitisha.

"Amekutuma useme hivi," alisema.

Mama akaapa. Mjomba akasema barua ile alisomewa pale teritware, ilikuwa barua ya mtu wa ofisi, yenye maneno yaliyopangwa, mwanamke hawezi. Mama akaomba karatasi. Haikuwepo, basi akaandika kwa kidole mchangani, mbele ya mkeka: Amisi, na jina la baba yao, na jina lake mwenyewe. Herufi zilikuwa nzuri, zimesimama wima. Mjomba aliziinamia kwa jicho lake moja. Herufi za Kiarabu alizisoma kama maji, lakini zile za Kizungu hakuzijua hata moja.

"Hata kuku anachora," akasema kwa upole, akamwinua mama kwa mkono. "Rudi kwako. Mimi sina kinyongo na wewe."

Aliishi miaka miwili tu baada ya hapo. Siku ya mazishi baba alivuka pamoja nasi. Wanaume walipokuwa wakichimba, alishika jembe ili asaidie, na mtoto mkubwa wa mjomba akalichukua mkononi mwake bila kumtazama. Baba akarudi nyuma hatua kumi, akasimama peke yake kwenye jua. Tulikuwa tumekaa uani na wanawake, tukawaona kupitia uwazi wa ua. Mama akainuka. Mashangazi wakamshika kanga, akajinasua. Akatembea mpaka walipokuwa wanaume, mahali ambapo mwanamke hafiki siku kama ile, akasimama ubavuni kwa baba, bega kwa bega, mpaka udongo ukaisha.

Mwaka ule mzima, pande zote mbili za mto, watu walimsifu mama yangu. Walisema hawajaona mwanamke mwenye subira kama yeye, anayeweza kukaa na mume wa namna ile.